Gari la Msiba Halisimamishwi

Protasi aliapa mbele ya watu, stendi ya Kitai, kwamba siku Bartholomayo atakapokufa yeye atachinja ng'ombe. Bartholomayo akafa, na Protasi akaleta ng'ombe.

Alimleta mwenyewe, kamba mkononi, hadi uani kwa marehemu pale Mbinga mjini. Akamkabidhi kwa kamati ya msiba, akavua kofia, akaenda kumpa mjane mkono wa pole. Watu wakasema jamani, huyu mtu ana moyo. Mama mmoja akasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, kanga kichwani, na nilichokuwa nakiona ni mtu anatimiza kiapo chake mchana kweupe huku sisi tunamshukuru.

Naitwa Restituta, mkaguzi wa magari wa polisi. Kazi hii chuoni nilielezwa tu. Aliyenifundisha ni Bartholomayo. Yeye alikuwa Mnyasa wa Ngumbo, mimi Mmatengo wa Ukata, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja alinitania kwamba watu wa milimani tunaogopa maji hata ya kuoga. Nami nikamjibu kwamba watu wa ziwani wanaliona gari kama mtumbwi, likivuja wanakumba maji safari inaendelea. Nilimwita kaka, na mkewe Herieth akaniita wifi, na hakukuwa na mtu aliyeuliza undugu huo ulianzia wapi.

Kaka huyu hakumwamini dereva, hakumwamini tajiri wa gari, wala hakuiamini stika iliyobandikwa kiooni. Aliamini alichokishika kwa mkono wake. Lori la kahawa likifika, wengine wanazunguka mara moja wanapiga teke tairi. Yeye anavua shati, anatandika gunia, analala chini. Jumapili alikuwa anamwomba mchungaji nafasi baada ya matangazo, anasimama mbele ya madhabahu kuwaambia waumini wasiwapandishe watoto juu ya magunia ya mahindi. Watu walimcheka. Walimwita Padre wa Breki. Hakujali, na kusema kweli nadhani jina hilo alilipenda.

Kitu kimoja kilimshinda. Kwetu gari la msiba halisimamishwi. Likifungwa matawi mbele na kuwasha taa, askari anavua kofia, linapita, liwe zima liwe bovu. Bartholomayo alikuwa akisimama pembeni ya barabara huku meno yameumana. "Resti," ananiambia, "ukitaka kuyajua magari mabovu ya wilaya hii, subiri afe mtu. Yote yatatoka kwenye mabanda." Lakini hata yeye hakuwahi kunyoosha mkono kulisimamisha moja. Nani atamvunjia heshima maiti?

Sasa sikilizeni Protasi alivyofanya. Baada ya ng'ombe akasimama tena mbele ya kamati, akasema kwa kuwa maziko ni Ngumbo, na kwa kuwa ni mbali, yeye anatoa basi lake liwashushe waombolezaji hadi ziwani, bure, mafuta juu yake. Basi lenyewe ni lile lililoandikwa Shukuru Mungu mgongoni. Basi ambalo Bartholomayo alilizuia hata tukachoka kulitazama limeegeshwa nje ya kituo. Mara tairi, mara usukani, mara breki, mpaka Protasi akaapa kile kiapo cha Kitai. Kamati ikapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilijiuliza, tangu lini fisi akachunga mbuzi? Niliyapanga kichwani. Kwanza, basi bovu likifungwa matawi litapita popote. Pili, likishamteremsha mjane wa Bartholomayo hadi Ngumbo na kurudi, nani atathubutu kulizuia tena? Atawaambia watu, hili ndilo lililomzika mkaguzi mwenyewe. Na tatu, ambalo sikutaka hata kuliwaza, ni kwamba mtu aliyeapa kufurahia kifo cha baba hashindwi kufurahia na cha mama na watoto. Ukitoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, njia yetu ya ziwani, barabara inaning'inia mlimani. Lami ni nzuri, na uzuri wake ndio ubaya wake, kwa sababu gari linateleza kwa raha mpaka dereva anaposhtuka. Ndani ya basi hilo angekaa Herieth na wanawe, na nusu ya mtaa.

Nilimwambia mwenyekiti wa kamati kwamba basi likaguliwe kwanza. Alinitazama kama nimeomba pombe kanisani. "Afande, huu ni msiba," akasema. Basi, yakaishia hapo.

Asubuhi ya safari jeneza likapakiwa kwenye pikapu ya marehemu mwenyewe. Dereva alikuwa Aidan, mdogo wake, aliyekuja kutoka Ngumbo kumchukua kaka yake. Shukuru Mungu likafuata nyuma, matawi mbele, taa zinawaka. Kwaya ya kanisa lao ilibaki, kwa kuwa gari lake lilikuwa halijafika, na mwalimu wa kwaya, Dastan, akaahidi watatufuata. Mimi nilipanda basi. Nilikaa nyuma ya dereva, nikatega sikio. Protasi alikaa mlangoni, suti nyeusi, ametulia kama bwana harusi. Kila alipogeuka kuwauliza akina mama kama wamekaa vizuri, nilizidi kumchukia.

Tulipita mashamba ya kahawa na miteremko yenye ngoro, yale mashimo yetu Wamatengo ya kulimia mahindi, akina mama wakiimba polepole. Mbele nikaiona ile kona ambayo baada yake barabara inaanza kushuka. Dereva wa basi akabadilisha gia. Nikasikia upepo wa breki unatoka, pshii, na kwa masikio yangu siku hiyo hata kikohozi kilikuwa ushahidi. Nikasimama.

"Simamisha gari!"

Dereva akageuka. Protasi akageuka. Akina mama wakakatiza wimbo.

"Simamisha, nimesema. Mimi ni mkaguzi."

Lilisimama. Pikapu ya mbele nayo ikasimama, Aidan akatoa kichwa dirishani. Nikashuka, nikatandika kitenge changu cha juu barabarani, nikaingia chini ya basi na gauni langu la msiba. Huku nyuma nilisikia maneno. Mzee mmoja alisema tangu azaliwe hajaona gari la msiba likisimamishwa, na anayelisimamisha ni mtu wa msiba. Mama mmoja akauliza kama nimepagawa. Nilisikia pia mtoto wa Herieth analia, na Herieth hamnyamazishi.

Niligusa kila kitu. Viatu vya breki vilikuwa vipya. Mabomba ya upepo mapya, yamefungwa sawasawa. Nilimwambia dereva akanyage, aachie, akanyage tena. Nilitafuta hata tone la mafuta mahali lisipotakiwa. Hakuna. Lile basi lilikuwa zima kuliko gari letu la kituoni.

Nilipotoka, Protasi alikuwa amechuchumaa ananisubiri. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

"Afande," akasema taratibu, "nililiingiza gereji siku ileile niliyosikia amefariki. Ningekuwa mjinga kiasi gani nilete bovu kwenye msiba wa Bartholomayo? Na wewe upo?"

"Na yule ng'ombe uliyemwapia Kitai?"

Akatazama chini. "Niliapa kwa hasira. Alipokufa nikaona aibu. Sasa ng'ombe nishamtaja mbele ya watu, nimfanyeje? Nikaona bora aliwe na wafiwa."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachofunikwa kwa kanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama katikati ya barabara na mafuta kwenye paji la uso, nimemdhalilisha mjane, nimemdhalilisha maiti, na basi ni zima. Ningekuwa na akili ningeomba radhi nikapanda. Lakini hasira zangu nazijua mwenyewe. Nikasema kwa sauti ya kikazi, "Nakagua yote," nikaelekea kwenye pikapu. Busara haikuwepo. Nilitaka tu ionekane kwamba basi la Protasi sikulionea.

Aidan akasema, "Dada, hili ni la kaka." Nikamwambia najua ni la nani.

Nikalala chini ya pikapu. Juu yangu, ng'ambo ya bati, alikuwa amelala yeye, uso juu kama mimi. Nikakumbuka ni mara ngapi tumelala hivyo, yeye upande huu na mimi ule, tukipeana spana bila kutazamana. Nikapitisha mkono kwenye bomba la breki ya tairi la nyuma, kushoto, na mkono ukakwama.

Bomba lilikuwa limekunjwa. Limekunjwa, likabanwa kwa plaizi hadi likawa bapa, likafungwa kwa waya. Ni ujanja wa mafundi wa vichochoroni. Breki ya tairi moja ikivuja na spea haipo, wanaliua tairi hilo, gari linabaki kushika breki kwa matatu. Kwenye barabara tambarare hutajua. Mlimani, umebeba mzigo, utajua. Na tairi la kulia nalo lilikuwa limelowa mafuta ya breki, limeanza kufuata njia ya mwenzake.

Wazo la kwanza lilikuwa Protasi. Naapa, hata baada ya yote yale. Nikawaza, kumbe basi lilikuwa danganya toto, mtego ulikuwa huku. La pili lilikuwa Aidan, mdogo mtu, nani ajuaye mambo ya ndani ya familia. Kisha nikautazama waya. Ulikuwa na kutu. Ulikuwa na matope makavu ya masika yaliyopita. Na ncha zake zilikuwa zimepindwa ndani, zimelazwa, zisije zikamchoma atakayepitisha mkono. Mafundi wa vichochoroni hawafanyi hivyo. Wanakata wanaacha ncha nje kama miiba. Mtu mmoja tu niliyemjua alikuwa akilaza ncha za waya, na alinigombeza mwaka mzima mpaka nami nikazoea.

Nililala pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimshuku Bartholomayo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Madereva wangapi alikuwa amewang'olea namba za gari kwa kosa hilihili? Je, yale mahubiri yote ya kanisani yalikuwa ya kweli, au alikuwa akituchezea? Nilitaka kugonga bati nimuulize.

Nilipotoka, Herieth alikuwa ameshuka basi. Alikuwa ananitazama mikono, hakunitazama uso. Nikajua kwamba anajua. Nikaona pia wazee, nikaona Protasi, nikaona watoto wa marehemu madirishani. Maiti haijafika hata kaburini, nami niseme nini?

"Breki zina shida kidogo," nikasema. "Jeneza lihamie kwenye basi."

Protasi aliwaita wanaume, wakalipokea jeneza, wakalilaza katikati ya viti. Aidan aliiegesha pikapu mbele ya kibanda cha mzee mmoja anayeuza ndizi pale kilele, akamwachia ufunguo. Hata matawi hakuyafungua. Tukashuka. Basi lilishika breki kila kona kama lililofundishwa na marehemu mwenyewe, na chini ziwa likatokea, jeupe kwa jua. Akina mama wakaanza kuimba tena.

Ngumbo tulipokewa kwa vilio. Ibada ikafanyika, kwaya haijafika. Tukangoja, mchungaji akatazama jua, akasema twende makaburini. Ilipofika zamu ya salamu za wafanyakazi wenzake, wakanipa mimi kipaza sauti. Nilisimama kando ya shimo nikasema kwamba Bartholomayo alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuruhusu gari bovu litembee. Nilisema alilala chini ya magari ili sisi tulale majumbani kwetu. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakalia. Niliongea vizuri sana. Nilipokuwa naongea niliitazama miguu yangu.

Tulikuwa tumeshaweka mashada, watu wananawa mikono, wapishi wanapakua ugali wa muhogo na samaki wa mbasa, niliposikia kwaya. Inaimba kwa sauti kubwa, inakuja na barabara ya ziwani. Nikageuka. Pikapu ya Bartholomayo ilikuwa inakuja na vumbi lake, matawi mbele, taa zinawaka, na nyuma wamesimama akina mama wa kwaya wameshikana mabega, wengine na watoto migongoni.

Haikusimama pale penye watu. Ilipita, ikaingia mchangani, ikazama magurudumu, ndipo ikatulia. Dastan akashuka. Shati lilikuwa limemganda mwilini kwa jasho.

"Gari letu lilikufa njiani," akasema. "Nikampigia Aidan. Akasema pikapu iko kileleni, ufunguo kwa muuza ndizi, Afande kasema breki zina shida kidogo, tushuke taratibu." Akavuta pumzi. "Afande, katikati ya mlima pedali ilikwenda mpaka chini. Nimeshuka kwa gia. Kwenye kona moja nimeiegemeza pikapu ukingoni, tukakwangua mwamba, akina mama wakidhani natania."

Nikamuuliza kwa nini aliwapandisha watu wote hao kwenye gari alilojua lina shida. Alinishangaa kweli.

"Lakini ni gari la Bartholomayo," akasema. "Nani angeliogopa gari la Bartholomayo?"

Na nyuma yake akina mama walikuwa wanashuka, wanajipangusa vumbi, wanapeana watoto, wanasema marehemu ametulinda. Mmoja alipapasa boneti akasema asante, baba. Nilimwona mtoto mgongoni kwake amelala, mdomo wazi, hana habari.

Hapo nikashindwa. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, nikasema bila hicho, na sauti yangu ya milimani inajulikana. Nikawaambia wote, wazee na mchungaji na kwaya, kwamba hakuna aliyewalinda. Nikawaambia breki ya tairi la nyuma imeuliwa kwa plaizi na waya, siyo jana, tangu masika, na aliyeiua ni Bartholomayo kwa mkono wake. Nikasema nililiona nikiwa kule mlimani nikasema kidogo, kwa sababu yeye ni kaka yangu na huu ni msiba wake.

Aidan alikuja kasi, nikadhani ananipiga. Protasi akajiweka katikati yetu. "Mwache," akasema, "mganga hajigangi, ndugu yangu. Hata mimi ningefanya hivyo, na mimi nimefanya." Mzee wa ukoo aliguna, akaniambia kwamba ningesubiri hata matanga yaishe. Nikamwambia, shikamoo baba, lakini watu hawa wangekufa kabla matanga hayajaisha.

Ndipo Herieth akapita katikati yao. Alitembea polepole, kanga nyeusi inaburuta mchangani, mpaka mbele yangu.

"Figo zilipomshika," akasema, "hospitali ilikuwa ni kila juma. Spea ikaagizwa Songea, haikuja. Akasema ataliziba bomba siku mbili tatu tu. Siku mbili tatu zikawa miezi, na yeye hana tena nguvu ya kulala chini. Nilimwambia amwite Resti. Akakataa. Wifi, kila ulipokuja kumwona, mimi na watoto tulikuwa tunalisukuma gari nyuma ya nyumba, tunalifunika turubai."

"Kwa nini?"

"Alikuogopa wewe. Alisema, Resti akiliona atalizuia, na nitakufa nyumbani kwa kukosa gari."

Nilitaka kusema kwamba nisingelizuia. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nilikuwa mkaguzi niliyefundishwa na Bartholomayo, na wote wawili tulijua ningelizuia.

Herieth alifungua mlango wa pikapu, akachomoa ufunguo, akanishikisha. "Sasa lizuie," akasema. "Wanangu wanaona."

Protasi akaniletea spana kutoka kwenye basi lake. Aidan alisita, kisha akaenda mbele ya gari akaanza kuyafungua matawi, moja moja, akiyaweka chini kwa adabu. Nilipiga magoti mchangani nikaanza kufungua namba za gari, ya mbele, halafu ya nyuma, upande ule wa kushoto. Boliti ya mwisho ilikuwa na kutu, ikakataa, nikaisukuma kwa nguvu zote, na ilipolegea nami nikalegea, nikalia kwa sauti mbele ya watu wote. Tangu afe nilikuwa sijamlilia. Nilikuwa na kazi ya kuwashuku watu.